Rivyu ya mishiko ya fimbo nne za marimba: Stevens, Burton, Musser na ule wa asili

Kila mpiga marimba akitaka kuhama kutoka fimbo mbili kwenda nne, yaani mbili kila mkono, anauliza mshiko upi ni bora, na majibu anayopewa ni majina ya mastaa tu, fulani anatumia huu basi na wewe tumia huu. Mi nimeshaipiga yote minne kwa muda wa kutosha na naona swali lenyewe limekaa nusu, kwa sababu mshiko na mpini wa fimbo vinaenda pamoja, huwezi kuhukumu kimoja bila kingine.

Tuanze na Stevens maana ndo unaosifiwa kuliko yote siku hizi. Mkono unasimama wima, dole gumba juu, kama unataka kumpa mtu mkono, fimbo ya nje inashikwa na kidole cha pete na kile kidogo cha mwisho, ya ndani mkia wake unakaa kiganjani halafu inaongozwa na gumba na kidole cha shahada. Fimbo hazigusani kabisa. Leigh Howard Stevens, mpiga marimba wa Marekani, ndo aliyeuweka kwenye kitabu mwaka 1979, kina mazoezi 590, na kiukweli mpangilio wake wa mapigo ni msaada mkubwa: fimbo moja peke yake, fimbo mbili za mkono mmoja kwa kupokezana, zote kwa pamoja, na zote kwa kufuatana haraka kwa mwendo mmoja wa kiganja. Ukipiga na fimbo moja tu, kiganja kinazunguka huku ile nyingine ikibaki palepale kama mhimili. Ukishalielewa hilo jambo mkono unatulia, ukiwa hujalielewa unajikuta unarusha mkono mzima juu na fimbo isiyohusika inagonga vibao visivyohusika.

Uzuri wake ni uhuru wa kila fimbo na upana. Kule chini kwenye noti nzito za marimba ya okteva tano vibao ni vipana mno, kuifikia okteva nzima (kutoka do mpaka do inayofuata) kwa mkono mmoja ni shughuli, na hapa Stevens unawaacha wenzake mbali. Kutetemesha noti kwa mkono mmoja huku mwingine unapiga melodi pia ni raha kwa mshiko huu. Ubaya sasa. Kidole cha mwisho kinateseka jamani, malengelenge yapo, na kwa kuwa unashikilia mwishoni kabisa mwa mpini basi ukiweka vichwa vizito fimbo ya nje inataka kuponyoka kila ukipiga kwa nguvu. Asiyekuwa na subira ataukimbia kabla haujamlipa.

Na hapa ndo ishu ya mpini inaingia. Stevens unataka mpini mgumu wa mbao ya birchi, usiopinda. Ukiupiga kwa mipini ya henzerani, ambayo inanesa, kichwa kinachelewa kidogo kufika na ule mzunguko mdogo wa kiganja unapotelea njiani, halafu mtu anasema mshiko haufai wakati tatizo ni mpini. Kinyume chake ni Burton, huo ndo nyumbani kwa henzerani, mpini unanesa na kukurudishia pigo, mkono hauchoki haraka.

Burton ni wa Gary Burton, mpiga vibrafoni, ile ala ndugu ya marimba yenye vibao vya chuma, na bado unanukia vibrafoni. Mipini inakatana kiganjani, fimbo ya nje inapita kati ya kidole cha shahada na cha kati, na unashika kwa uthabiti ambao Stevens haukupi mpaka utoke jasho. Nguvu ipo, noti unazotaka zisikike juu ya nyingine zinatoka safi, melodi za haraka unaziamini. Ila kubadilisha upana katikati ya wimbo kunakaza mkono, kule chini unaishiwa nafasi mapema, na mipini ikigusana inatoa kamlio ka tiki tiki ambako ukipiga polepole kwenye ukumbi mtulivu kanakera kweli.

Ule wa asili, nao wa kukatanisha mipini kiganjani, watu wanaupuuza eti umepitwa na wakati. Aisee, Keiko Abe, mpiga marimba wa Japani aliyeshirikiana na kampuni ya ala ya Yamaha kuitoa marimba ya okteva tano mwaka 1984, anapiga kwa mshiko huo huo wa kukatanisha, sasa umepitwa na nini? Kwa noti zilizokaribiana na mapigo mazito mi naupenda kuliko ninavyokubali hadharani.

Musser sitakaa nao sana. Ndo mshiko uliouzaa ule wa Stevens, fimbo hazikatani, lakini kiganja kinalala chini, na upana unabaki mdogo. Una sauti nzuri ya upole, ila sioni kwa nini mtu anayeanza leo asiende moja kwa moja kwa mtoto wake.

Kitu kimoja mkijaribu: tumieni vichwa vya aina moja kwa mishiko yote. Ukipiga Burton kwa vichwa laini vilivyosukwa kwa uzi wa sweta halafu Stevens kwa vichwa vigumu, unalinganisha vichwa, sio mishiko. Na tafadhali vile vya plastiki ngumu vya zailofoni viacheni mbali na marimba, vibao vya mbao ya rosewood vinapata mashimo.

Maksi zangu: Stevens na birchi nne na nusu kwa tano, hiyo nusu nimeikata kwa ajili ya kidole cha mwisho. Burton na henzerani nne, na kama muda wako mwingi uko kwenye vibrafoni ifanye tano, usihame. Wa asili nne kasoro kidogo. Musser tatu. Mwenye mkono mdogo asitishwe na Stevens, mshiko wenyewe hauhitaji kiganja kikubwa, unahitaji mipini isiyo mirefu sana na vichwa vyepesi kwa miezi ya mwanzo, vizito utaviongeza kidole kikishakomaa.