Inveta ya wati 1000 kwenye Noah yangu

Nina miezi mitatu sasa na inveta hii, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uendeshe vitu vya nyumbani. Noah nimeitoa viti vya nyuma nikatia godoro, wikendi twavuka feri Likoni twaenda kulala Diani. Feni, simu na laptopu inveta inabeba bila shida ila feni yavuma kama nyuki, hizi inveta za bei rahisi umeme wake si laini kama wa nyumbani. Birika sahau! Mke wangu aliichomeka ataka chai, wati 2000 ile, inveta ikalia piii ikazima palepale. Waya walionipa dukani nao wembamba, wati 1000 kwa betri ya volti 12 ni zaidi ya ampea 80 wallahi, nilipogusa ulikuwa moto ikabidi ninunue mnene na fyuzi. Chai sasa twapikia mtungi wa gesi, nje.