Uzoefu wangu: miezi minane na jiko la kuni chini ya paa la makuti

Jiko hili nililinunua mwezi wa Desemba, kaskazi ilipokuwa imeanza kushika, kwa sababu mtungi wa gesi ulikuwa ukituishia kabla ya mwezi kwisha na gunia la makaa lilikuwa limepanda bei hadi tukawa tunapima wali kwa makaa yaliyobaki, si kwa watu waliokuja kula. Ni jiko la kuni la aina inayoitwa roketi: mwili wake ni wa bati nene, ndani yake mna chumba chembamba cha moto kilichozungushiwa udongo mwepesi unaozuia joto lisipotee, mbele pana mdomo mmoja wa kuingizia kuni, na juu pana mafiga matatu ya chuma ya kukalia sufuria. Nililipa shilingi 4,500 pamoja na ujira wa punda kutoka gatini. Nimelipikia karibu kila siku, katika kaskazi, katika masika na sasa katika kusi, na ninaandika yale niliyohitaji kuambiwa kabla sijalitoa katika boksi.

Nyumba yetu iko Langoni, mjini Lamu, na kama ilivyo katika nyumba nyingi za zamani hapa, tunapikia juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ambako kuta ni fupi, upepo unapita, na paa ni la makuti. Karatasi ya maelezo iliyokuja na jiko, iliyoandikwa kwa Kiingereza peke yake, inasema tu kwamba jiko litumiwe mahali penye hewa. Hewa tunayo tele. Tusichokuwa nacho ni nafasi ya kukosea, kwa maana kuti lililokaushwa na jua la miaka mitatu hushika kwa cheche moja, paa la jirani linakaribia kugusana na letu, na kichochoro kilicho chini humpitisha kwa taabu punda aliyebeba mchanga, sembuse gari la zimamoto. Kwa hiyo sikuliwasha siku ya kwanza, wala ya pili.

Nilimwita fundi anayetuezekea, akakata ncha za makuti zilizokuwa zikining'inia upande wa meko, kisha akafunga karatasi mbili za mabati chini ya paa, juu ya mahali jiko litakapokaa, akiacha nafasi ya shubiri moja kati ya mabati na makuti. Nilikuwa nimedhani atayabana mabati moja kwa moja kwenye makuti, naye akanieleza kwamba bati lililogusana na kuti hulipitishia joto lake lote, ilhali hewa inayopita katikati hulipooza. Kutoka ukingo wa sufuria hadi kwenye mabati ni zaidi ya mita mbili. Gharama hiyo haimo katika bei ya jiko, lakini mimi ninaihesabu kuwa sehemu ya bei, na yeyote mwenye paa kama letu ningemwomba aihesabu vivyo hivyo.

Chini nako kulihitaji fikira. Sakafu yetu ni ya mawe na chokaa juu ya boriti za mikoko, na boriti ni mti, kwa hiyo jiko limekaa juu ya bamba la saruji lililotandazwa mchanga wa vidole vinne. Awali nilitaka kutumia mawe mawili ya matumbawe yaliyobaki tulipokarabati ukuta, lakini mama mkwe wangu alinizuia. "Mwanangu, hilo ndilo jiwe linalochomwa likawa chokaa," aliniambia. "Leo litalibeba jiko, kesho litalimwaga." Alikuwa na haki, na zaidi ya hilo, jiwe lenye vitundu lililonywa maji linaweza kupasuka kwa kishindo likipatwa na moto. Kando ya bamba nimeweka ndoo mbili zisizoondolewa kwa haja nyingine yoyote, moja ya mchanga na moja ya maji.

Upepo ndio ulionifundisha zaidi. Siku za mwanzo nilielekeza mdomo wa jiko upande unaotoka kaskazi, nikidhani ninalisaidia kuvuta, na moto ukawa mkali kupita kiasi, ukala kuni upesi na kurusha cheche pembezoni mwa sufuria. Nilipoligeuza mdomo uelekee upande wa pili kabisa, upepo uliokuwa ukipiga juu ya jiko ulizisukuma ndimi za moto zirudi zitokee mdomoni, mahali ambapo mkono wangu hukaa. Sasa mdomo unatazama ubavuni, nyuma ya ukuta wa kimo cha kiuno unaovunja nguvu ya upepo, na kusi ilipoingia nililigeuza jiko tena. Ikiwa upepo ni wa kupeperusha nguo zilizoanikwa hadi zijizungushe kwenye kamba, siku hiyo siwashi kuni kabisa. Tunapika chai kwa gesi na tunakula mkate.

Ubora wa jiko hili hauonekani mpaka upate kuni kavu, na hapo ndipo wengi wanaolilaumu wanapokosea. Ukuni mbichi hutumia joto lake kuchemsha maji yaliyomo ndani yake kwanza, kwa hiyo hutoa moshi mwingi na moto dhaifu. Ninanunua kuni zilizokwisha kupasuliwa, za mwarobaini na mvinje zaidi, ninazipanga zikiwa zimeinuliwa kutoka sakafuni mahali ambapo mvua haifiki, na sizigusi mpaka nizigongeshe mbili pamoja zitoe mlio mkavu, na ncha zake zionyeshe nyufa. Unene unaofaa ni kutoka kidole gumba hadi kifundo cha mkono wa mtoto. Mkoko huwaka vizuri na kwa muda mrefu, lakini zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya iko katika kaunti yetu hii na ndiyo inayotulindia mazalio ya samaki, kwa hiyo huniuma kuona gogo nene la mkoko likiteketea chini ya birika la chai.

Kuna kuni mbili ambazo sizitaki hata nikipewa bure. Ya kwanza ni ile inayotupwa na bahari ufuoni, kwa sababu chumvi iliyoingia ndani yake huula chuma cha jiko na kufanya moshi wake uwe na sumu. Ya pili ni mbao za vyombo vilivyochakaa. Mtu akitoka Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi, huweza kukuletea vipande vya jahazi lililovunjwa, vikavu na vyepesi kupasua, vikakutamanisha. Lakini mbao hizo zimepakwa rangi mwaka baada ya mwaka, na nyingine zimenyweshwa sifa, mafuta ya ini la papa, ambayo hufanya moto uruke ghafla kwa moshi mweusi. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi. Moshi huo hauwezi kuwa karibu na chakula wala na kifua cha mtoto.

Kuhusu kuwasha, mimi huanza na konzi moja ya nyuzi za kumbi la nazi zilizochambuliwa, nikazisukuma hadi mwisho wa chumba cha moto, chini kabisa ya tundu ambalo moto hupandia kuelekea kwenye sufuria, kisha nikaweka juu yake vijiti vyembamba vya karara. Njiti moja ya kiberiti inatosha. Baada ya dakika mbili au tatu husikika mvumo mdogo ndani ya jiko, ambao ni dalili kwamba hewa imeanza kuvutwa, na hapo ndipo ninapoingiza kuni mbili, zikiwa zimelala juu ya kichanja cha chuma kilichopo mdomoni ili hewa ipite chini yake. Kichanja hicho watu hukitupa wakidhani ni cha urembo, kumbe bila hicho kuni huziba njia ya hewa na jiko zima huwa la moshi. Umbo hili, ambalo misingi yake iliwekwa na Larry Winiarski wa kituo cha Aprovecho huko Oregon, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, limekusudiwa moto mdogo na mkali: ncha za kuni tu ndizo zinazowaka, na gesi zinazotoka katika mti huungulia ndani ya tundu hilo kabla hazijageuka kuwa moshi. Ukilishindilia kuni tano ili maji yachemke upesi unaliharibia kazi, kwa kuwa hewa haitoshi, moto unapanda nje ya sufuria, na masizi yanajaa. Kipande kimoja cha kifuu ninakiongeza nikitaka nguvu ya ghafla. Vipande vitatu ni hatari, kwa sababu kifuu huwaka kwa ndimi ndefu.

Mafuta ya taa yametoka kabisa katika meko yetu. Nimekua nikiona yakimwagwa kwenye moto uliozimika nusu, na nasikitika kwamba hatukuambiwa mapema: mafuta yakimwagwa juu ya kaa lililo moto hugeuka mvuke kwanza, mvuke ukajaa, kisha ukashika wote kwa pamoja usoni mwa aliyeinama. Katika jiko lenye chumba chembamba namna hii mvuke huo hauna pa kutawanyika.

Wiki ya pili niliungua, na nalieleza tukio hilo kwa sababu sababu yake haimo katika karatasi ya maelezo. Niliingiza ukuni mrefu wa karibu mita moja nikidhani nitausukuma kidogo kidogo. Ncha ya ndani ilipokwisha kuungua na kuwa nyepesi, uzito wa upande wa nje ulizidi, ukuni ukapinduka na kutoka nje na moto wake, nami nikaudaka kwa mkono mtupu kwa sababu binti yangu alikuwa amesimama karibu. Nilitia mkono chini ya maji ya mfereji kwa dakika 20, nikawakataza wasinipake dawa ya meno wala unga wala asali, kisha nikafunika kwa kitambaa safi, na kidonda kilipona bila kufanya usaha. Tangu siku hiyo kuni zangu hazizidi urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya vidole, na nimechora mstari wa chokaa sakafuni ambao watoto hawauvuki. Leso pia ninaifunga kiunoni kabla ya kuinama, na mikono ya dera naikunja.

Upungufu mkubwa wa jiko ni utulivu wake. Kwa sufuria ya lita 5 halina tatizo, na maji ya kiasi hicho huchemka kwa dakika 22 au 23 siku isiyo na upepo, lakini kusonga sima juu yake ni kazi ya watu wawili, kwa sababu kitako chake ni chembamba na kila mwiko unapozungushwa jiko hutikisika. Pilau ya wageni, ya kilo nne, sithubutu kuiweka hapo. Sima nimezoea kuipua sufuria yake na kuiweka chini kwenye kata ndipo nisonge, nikairudisha baadaye. Pia wali wa kupalia haupatikani kirahisi, kwa sababu kuni zikiungua vizuri hubaki makaa kidogo mno ya kuweka juu ya mfuniko.

Moshi haujakwisha, bali umepungua sana, na kwangu hilo ni zito kuliko akiba ya fedha. Mama mkwe wangu amepika kwa mafya, yale mawe matatu ya kukalia sufuria, na seredani ya makaa tangu ujana wake na kifua chake kinaeleza hivyo kila alfajiri. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa moshi na hewa chafu ya majumbani vilisababisha vifo milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na mimi nikiisoma namba hiyo namfikiria yeye. Siku hizi huketi nasi tunapopika, jambo lililokuwa limemshinda. Hata hivyo, jiko hili halishuki chini kwenye vyumba vya kulala hata siku ya mvua kubwa, na makaa yake hayapelekwi chumbani katika chetezo mlango ukiwa umefungwa, kwa sababu kaa lisilo na moshi bado hutoa kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi na humkuta mtu usingizini.

Kulizima ni rahisi: ninavuta kuni nje na kuzichomeka ncha zake katika ndoo ya mchanga. Maji simwagi ndani ya jiko likiwa na moto, kwani udongo wake ungepasuka. Jivu hulala katika kopo la bati lenye mfuniko hadi kesho yake jioni, kwa sababu kaa dogo huweza kujificha ndani ya jivu usiku kucha, na ndoo ya plastiki haina uwezo wa kulihimili.

Mzigo wa kuni uliokuwa ukitutosha siku nne kwa mafya sasa unafika wiki. Chuma cha kichanja kilianza kuliwa na kutu mwezi wa tano, kwa upepo wa bahari, na fundi wa hapa mjini amenitengenezea kingine kwa shilingi 300; muuzaji alisema hana vipuri. Mwenye familia ya watu sita au saba, mwenye kuni kavu na mahali pa wazi, ningemshauri alinunue. Mwenye makuti yaliyo chini kiasi cha kuguswa kwa mkono, au asiye na mtu wa kukaa na moto mpaka uzimike, asilinunue bado, na fedha hizo azianzie kwa fundi wa paa.