Organic Maps kwa anayevuka Horohoro

Kutoka Tanga mjini hadi Horohoro, mpakani na Kenya, ni kilomita 65 hivi za lami, na hapo ndipo simu nyingi huanza kumtupa mwenyewe. Laini inarukia mtandao wa Kenya, bando lililonunuliwa Ngamiani, Tanga, halisomi tena au linakatwa kwa bei ya ugenini, na ramani inabaki ukurasa wa kijivu wenye kidoti katikati. Kidoti kipo, mitaa haipo. Setilaiti za GPS hazihitaji intaneti. Kinachoihitaji ni mchoro wa ramani. Organic Maps, programu ya ramani ya simu, inaondoa tatizo hilo kwa kuweka mchoro wote ndani ya simu, bure, bila matangazo wala kufungua akaunti.

Ramani zake zinatoka OpenStreetMap, mradi ulioanzia Uingereza mwaka 2004 na unaochorwa na watu wa kujitolea. Nchi kubwa zimekatwa vipande: anayempeleka mgonjwa Chennai hana haja ya kupakua India nzima, achukue Tamil Nadu tu. Pakua kwa waifai ukiwa bado nyumbani. Wanaokwenda Mombasa hukosea mara nyingi kwa kupakua Kenya peke yake. Njia inayoanzia Tanga inataka ramani za pande zote mbili za mpaka. Ikipungua moja, programu inaomba uipakue, na pasipo mtandao njia haichorwi. Ramani iliyokaa muda mrefu nayo ina vituko vyake. Iliyopakuliwa kabla barabara ya Dongo Kundu, inayokwepa feri ya Likoni, haijafunguliwa itamsukuma dereva hadi Likoni akapange foleni ya feri, hata kama anakwenda zake Miritini, nje ya kisiwa cha Mombasa.

Google Maps nayo inapakua eneo: gusa picha ya akaunti, ingia kwenye ramani za nje ya mtandao, chagua eneo, pakua. Ila bila intaneti inatoa njia ya gari tu. Mtembea kwa miguu haelekezwi, na taarifa za foleni hazipo. Kwa mtembea kwa miguu Organic Maps inaiacha mbali. Kwenye majina ya maduka, hoteli na zahanati mambo yanageuka, maana Google inajua mengi zaidi na utafutaji wake unavumilia herufi zilizokosewa. Kwa hiyo tafuta kwa Google ukiwa na mtandao, kisha nenda Organic Maps, bonyeza kwa muda mahali penyewe na uhifadhi alama.

Usitegemee jina pekee. Majengo iko Tanga, iko Mombasa, iko Moshi. Ukigusa jibu la kwanza bila kusoma umbali ulioandikwa pembeni, umeshapotea kabla hujanyanyua mguu. Ukitumiwa namba za mahali, angalia alama ya kutoa. Mombasa ni -4.05, 39.67. Idondoshe hiyo alama uone: ramani itakupeleka kusini mwa Ethiopia.

Lawama nyingi zinazotupiwa programu ni za simu. Simu iliyozimwa Tanga ikawashwa ng'ambo bila data haijui setilaiti ziko wapi. Kwa kawaida huulizia intaneti. Ikikosa, inabidi isikilize setilaiti zenyewe, na kila setilaiti hurudia taarifa zake kila baada ya sekunde 30. Ukiingia chini ya bati katikati ya usikilizaji, inaanza upya. Simama mahali peupe, simu mkononi na si mfukoni, uipe dakika kadhaa. Vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, vina shida nyingine: mawimbi yanadunda kwenye kuta ndefu na mshale unaruka mtaa wa pili ilhali wewe hujasogea. Hapo fuata majengo makubwa, kama Fort Jesus, uachane na mshale mpaka utokee penye uwazi. Na kava lenye kifungo cha sumaku linaivuruga dira. Livue, kisha zungusha simu kwa umbo la 8.

Betri ndiyo inayoumiza zaidi. Skrini ikiwaka muda wote huku GPS inafanya kazi, simu ya kawaida haifiki jioni. Punguza mwanga, weka hali ya ndege (GPS ya simu nyingi inaendelea), tazama kwenye makutano tu. Jaribu hivyo hivyo nyumbani kwanza: data imezimwa, panda bajaji kutoka Ngamiani hadi Raskazone. Kama mshale unakufuata barabarani, simu inafaa. Kama unabaki nyuma, hakikisha ruhusa ya mahali imewashwa na hali ya kubana betri imezimwa.

Wafanyabiashara wanaokwenda Guangzhou wawe macho zaidi. Google imefungwa China, na ramani za kule husogezwa kwa sheria, kiasi kwamba namba za mahali kutoka programu ya Kichina zikibandikwa kwenye Organic Maps zinaweza kupishana na penyewe kwa mamia ya mita. Weka alama mwenyewe ukiwa umesimama mlangoni mwa hoteli, na uchukue mapokezi kadi yenye anwani kwa herufi za Kichina. Dereva wa teksi ataisoma hata simu ikiwa imezima.