Pakeji ya uzazi niliyolipia: mshono waliuangalia, mimi hawakuniuliza

Hii kitu nimekaa nayo miezi mitano ndo leo naiandika. Ni kuhusu pakeji ya kujifungua niliyolipia hospitali moja binafsi, jina siweki maana nimesoma makaratasi ya pakeji za kwingine nikaona yanafanana tu.

Kwanza haki yao niwape. Upande wa leba sina neno. Manesi walinishika vizuri, mapigo ya moyo ya mtoto yaliposhuka hawakuzubaa, muda si muda nishaingizwa chumba cha upasuaji na mtoto namsikia analia. Mwanangu mzima, hapo nyota tano zote.

Sasa bili. Pakeji niliyokuwa nadunduliza tangu mimba ya miezi minne kumbe ni ya kujifungua kawaida, upasuaji pembeni, ganzi pembeni, siku za ziada wodini pembeni, na hakuna aliyenikalisha chini akanieleza hayo mapema, nimeyajua siku ya kuruhusiwa mtoto nimempakata mkono huu na mkono huu nasaini karatasi ya kukubali deni. Yani mshono bado wa moto.

Wiki ya pili usingizi ukakata. Na sio kwamba mtoto ananiamsha, mtoto kalala fofofo mimi saa tisa usiku macho darini nalijumlisha lile deni, nikifika mwisho naanza upya. Watu wanakuja wananipa hongera, natabasamu, wakitoka naingia bafuni nafungulia maji nalia. Nikawa najiambia ni yale machozi ya siku za mwanzo, ambayo kweli yapo na wazazi wengi wanayapata, yanaanza kama siku ya tatu hivi na wiki mbili hazifiki yameshapita. Yangu wiki ya sita bado yapo.

Hiyo wiki ya sita ndo kulikuwa na ile "huduma baada ya kujifungua" iliyoandikwa kwenye pakeji. Dakika kumi. Mshono umefunga, mtoto kaongezeka uzito, uzazi wa mpango umeamua nini, haya mama kila kitu kiko sawa. Nilikuwa nasubiri mtu aniulize unaendeleaje nikamwagike, hakuuliza mtu.

Aliyeuliza ni nesi wa kliniki ya chanjo, sehemu nyingine kabisa, mtoto ana miezi miwili na nusu. Alinipa karatasi ya maswali 10, inaitwa kipimo cha Edinburgh, kipo tangu 1987 na kukitoa kopi hakulipiwi chochote. Inakuuliza siku 7 zilizopita umekuwaje, umeweza kucheka, umejilaumu bila sababu, umepata hofu tu bila kujua ya nini. Kila jibu lina alama 0 mpaka 3, jumla ya juu 30. Haikwambii unaumwa nini, inaonyesha tu nani akae na mtaalamu aongee vizuri. Swali la 10 linauliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Niliweka alama, nikafuta, nikaweka "hapana kabisa". Nesi akaisoma, akaenda kufunga mlango, akasogeza kiti mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana akasema mdogo wangu, hapa umefuta, mwanzo ulikuwa umeweka wapi?

Nikamwambia. Nililia mpaka ziwa likaanza kutoka lenyewe. Alama zilikuwa 17.

Siku hiyo hiyo akanipeleka kwa mshauri, vikao nane, na ndo vimenitoa. Dawa sikuhitaji ila dokta alinieleza zipo ambazo mama anatumia huku ananyonyesha, jambo nililokuwa naliogopa bure. Lakini vikao vyote nimelipa mfukoni, hospitali wakasema havimo kwenye pakeji, bima wakasema hiyo sio uzazi. Viwili niliviruka ili nilipe rejesho la deni la upasuaji, deni lile lile linaloninyima usingizi.

Na sio kwamba ni ugonjwa wa nadra jamani. Shirika la Afya Duniani linasema wanawake kama 13% waliotoka kujifungua wanapata tatizo la afya ya akili, kubwa likiwa sonona, yani ile huzuni nzito isiyoisha, na nchi zinazoendelea inafika 19.8%, karibu mmoja kwa kila watano. Mwongozo wao wa 2022 unataka mzazi aonwe tena siku ya pili au ya tatu, kati ya wiki ya kwanza na ya pili, na wiki ya sita, apimwe sonona na wasiwasi, na akikutwa nayo tiba iwepo. Mimi baada ya kuruhusiwa nimeonwa mara moja.

Kwahiyo ukienda kulipia pakeji ulizia mapokezi na waandike: ikigeuka upasuaji naongeza nini? Nitaonwa mara ngapi? Akili yangu nani anaiangalia na nani analipa? Na nyie wenye wake zenu ndani, mzazi akianza kusikia sauti ambazo wengine hamzisikii, au halali kabisa na haoni hata kama amechoka, au anaongea vitu havieleweki kuhusu mtoto, hiyo ni dharura, hospitali siku hiyo hiyo, msisubiri miadi.

Leba nyota tano, bili mbili, huduma baada ya kujifungua moja. Barua nimewaandikia na ile karatasi ya maswali nimeiambatanisha, kopi waitoe wenyewe.