Faiba ya nyumbani Tudor, baada ya mwaka mmoja

Nyaya za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, lakini faiba, yaani intaneti inayopita kama mwanga ndani ya nyuzi nyembamba za kioo, ilichukua miaka mingi kuingia mtaani kwetu Tudor. Sasa nimeitumia mwaka mzima. Ninalipa shilingi 3,000 kwa mwezi, na watoto wawili husoma mtandaoni huku nami nikiwa kwenye mkutano wa video bila picha kukwama, jambo ambalo modemu ya laini ya simu haikuwahi kulimudu.

Kilichonifurahisha zaidi ni matumizi ya umeme: kati ya kituo cha kampuni na nyumba yangu, mwanga hugawanywa na vifaa visivyohitaji umeme wowote, na kisanduku cheupe cha kupokea mwanga huo, kilichopigiliwa ukutani kando ya mlango hula wati chache tu, hivyo betri ndogo hukiendesha stima zinapopotea. Tena kioo hakishiki kutu, na sisi wa pwani twajua chumvi inavyozila nyaya za shaba.

Lawama yangu ni moja, nayo ni nzito: wachimbaji wa mtaro walipoukata waya, tulikaa siku nne bila huduma, na bado tukatozwa mwezi kamili. Siku hizo zilistahili kufidiwa.