TAHADHARI WATU WA MALINDI: huyu anayeuza "brauza ya laisensi" anaondoka na paswedi zenu

Ndugu zangu wa Malindi, Watamu, Gede mpaka Mambrui, someni hii alafu muwasomee na mamazenu nyumbani manake wao ndio wanaofuatwa zaidi. Kuna kijana anazunguka na begi la laptop, mara yuko sokoni, mara stendi ya matatu, mara amekaa na wenye tuktuk, anauza kitu anachokiita brauza ya laisensi, na brauza ni ile apu ya kufungulia tovuti kwenye simu. Bei yake ni shilingi 700 kuwekewa, alafu 200 kila mwezi anasema ni ya kurinyu. Jina lake silitaji hapa, hilo ni la polisi, lakini maneno yake ntawaambia yote ili mkimsikia mumjue.

Anasema brauza yake yabana bando mpaka bando la wiki ukalitumia mwezi, haina matangazo, ina spidi kuliko zote, na ukiitumia hakuna mtu anayeweza kujua umeingia wapi. Na akiona mtu anajua jua mambo ya simu anaongeza kwamba hii ni ile brauza ya Google, Chrome ya zamani iliyokuwa yabana data, Google wakaitoa, yeye anayo. Hapo ndipo anapowapata wengi kwa sababu kipande hicho kina ukweli ndani yake. Chrome ya simu kweli ilikuwa na kitu cha kubana data na Google wakakiondoa mwaka 2022, watu wengi walikizoea na wakakikosa, sasa mtu akija na habari hiyo unaona huyu anajua anachosema. Lakini kile kitu kilikuwa kinafanya kazi kwa kupitisha kurasa kwenye mitambo ya Google wenyewe, wakishazima mitambo yao hakuna kijana wa Malindi atakayekuwashia kwenye laptop yake.

Nasema wazi wazi, brauza hazinunuliwi. Chrome bure, Firefox bure, Opera Mini bure, Brave bure, Edge bure, Samsung Internet bure. Hakuna laisensi, hakuna kurinyu ya mwezi. Hao wenyewe pesa yao wanaipata kwengine, kwenye matangazo na kwenye kutafuta, hata Mozilla wenye Firefox sehemu kubwa ya mapato yao ni Google anawalipa ili yeye ndio awe wa kutafutia. Kwa hivo mtu akikuambia ulipe ndio brauza ifanye kazi, ujue pesa hiyo ni ya mfukoni mwake, na mara nyingi 700 yako ndio kitu kidogo kabisa anachotaka kwako.

Sasa sikizeni anavofanya manake nimeiona kwa macho yangu kwenye simu ya mamdogo wangu. Yeye anauza leso na mabuibui, wateja wake wengi ni wa Facebook, kuna mpaka wa Mombasa na Nairobi. Wateja wakaanza kumpigia, mbona umetuomba 2,000 kwa inboksi ati umekwama hospitali. Na yeye yuko dukani hana habari, na kwenye Facebook yake hawezi tena kuingia, paswedi imebadilishwa. Akaja kwangu, "Mwanangu hebu nitizamie hii simu, tangu niwekewe ile brauza mambo yangu yameharibika." Nikamwambia leta nione mamdogo.

Brauza yenyewe ilikuwa Chrome, ile ile ya kawaida iliyokuja na simu kutoka dukani! Hakuweka kitu chochote kipya. Alichofanya ni hiki: ukifungua Chrome juu upande wa kulia kuna kiduara kidogo chenye picha ama herufi ya kwanza ya jina lako, cha mamdogo kilikuwa na herufi isiyokuwa yake. Nikakibonyeza ikatoka anwani ya Gmail ya mtu mwengine, na usawazishaji, ule wa kupeleka vitu vya simu kwenye akaunti, umewashwa. Nikaenda kwenye setingi za simu upande wa akaunti nikakuta Google mbili, ya mamdogo na ya yule kijana. Nikamuuliza hii ya pili ni ya nani akanijibu, "Aliniambia hiyo ndio laisensi, nikiitoa brauza inakufa."

Mnaona ujanja? Akaunti ya kijana ikishakuwa ndani ya Chrome, kila mara simu ikikuuliza nisevu paswedi hii na wewe ukasema ndio, ile paswedi inakwenda kukaa kwenye akaunti yake yeye. Anaifungua kwenye laptop yake jioni akiwa kwake, anazisoma moja moja. Facebook, barua pepe, eCitizen ya huduma za serikali, chochote ulichosevu, na kurasa ulizofungua nazo anaziona, na namba mpya za watu unazosevu kwenye simu zaweza kwenda kule kule. Ni sawa na fundi wa kitasa kubaki na ufunguo wa pili. Na simu haitapiga kelele yoyote wala hutaona virusi hata ukiskani, kwa sababu kila kitu hapo ni cha halali, ni akaunti tu sio yako.

Aina ya pili nimeiona kwa jamaa wa tuktuk na hii ni mbaya zaidi. Yeye aliwekewa apu hasa, faili la APK, lile la kuwekea apu bila Play Store, limetumwa kwa WhatsApp, na simu ikakataa ikasema chanzo hiki hakiruhusiwi, kijana akachukua simu akaruhusu mwenyewe, akazima na Play Protect, ule ulinzi wa Google unaokagua apu. Ikoni yake ukiitizama haraka ni Chrome, nyekundu manjano kijani, lakini kile kiduara cha katikati kilikuwa cheusi badala ya bluu, na kwenye orodha ya apu zikawa Chrome mbili. Ile ya uongo ilikuwa imepewa ruhusa ya kusoma SMS, na tena iko kwenye Ufikivu, zile ruhusa zilizowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Jamani hapo msipachezee. Apu yenye ruhusa ya Ufikivu inaweza kusoma kilichoko kwenye skrini na hata kubonyeza kwa niaba yako, na yenye ruhusa ya SMS inasoma zile namba za siri za tarakimu sita unazotumiwa kabla wewe hujazifungua. Brauza ya kweli haina haja ya kusoma SMS zako. Kwa hivo akikwambia lazima uruhusu ndio ifanye kazi, mnyang'anye simu yako hapo hapo.

Na ile habari ya kwamba hakuna atakayejua umeingia wapi, hiyo ni uongo mtupu. Ile hali ya faragha ipo kwenye brauza zote bure na kazi yake ni kutoacha historia kwenye simu yako tu, kampuni ya simu bado inajua umeunganisha wapi na tovuti yenyewe inajua umeingia. Kuhusu bando pia, bando linahesabiwa na kampuni ya simu kule kwao, sio na brauza, brauza inachoweza ni kupunguza kinachoshuka.

Najua watu watauliza sasa tutumie ipi. Mimi kazi yangu ni ya kwenye mtandao, nawajazia watu fomu, kwa hivo nimezitumia karibu zote na ntawaambia navoona mimi, mwengine ataona vyengine na ni haki yake.

Kama shida yako ni bando na simu yako ni ndogo, hiyo kazi anayokuuzia kwa 700 Opera Mini inaifanya bure tangu mwaka 2005. Ni ya kampuni ya Norway, na siri yake ni kwamba ukurasa haushuki kwako moja kwa moja, mtambo wao unaufungua kwanza, unaukamua ukawa mdogo, ndio unakuletea. Kwa kusoma habari, matokeo ya mpira na picha za kawaida mimi sijaona inayoishinda kwenye bando. Lakini kwa sababu hiyo hiyo ya kupitia kwao, ukiwa umeiweka kwenye ile hali ya kubana kabisa usiingilie benki wala eCitizen humo, na fomu nyingi zitakukatalia, utajaza ufike mwisho kitufe hakibonyezeki.

Chrome ni nzuri kwa kazi za serikali, kwa KRA ya kodi na eCitizen sijawahi kuona ikigoma, wenye kutengeneza tovuti wengi wanaijaribu hiyo kwanza. Ubaya wake inakula RAM, ile kumbukumbu ya simu ya kufanyia kazi, simu ya RAM ya GB 2 ukifungua kurasa nyingi inaanza kujivuta, na matangazo yote yatakuja. Brave imejengwa kwa msingi ule ule wa Chrome, unaoitwa Chromium, lakini inazuia matangazo yenyewe bila kuambiwa, na tangazo lisiposhuka hata data yake haishuki, kwa hivo mtu anayechukia matangazo nampa hiyo, ukiisanikisha imeisha hakuna setingi za kuhangaika nazo.

Mimi mwenyewe natumia Firefox na siibadilishi. Ni ya Mozilla, ipo tangu 2004, mwenyewe wake ni shirika lisilo la faida, na injini yake, ile mashine ya ndani inayofungua kurasa, ni yake wenyewe sio ile ya Google. Kwenye Android inakubali viongezo, vile viapu vidogo vya kuongezea brauza kazi, naweka uBlock Origin ya kuzuia matangazo bas, kurasa za magazeti ambazo zilikuwa zinajaa video za matangazo zinafunguka safi. Kuna tovuti chache inazifungua polepole kuliko Chrome, hilo kweli lipo, mimi nalivumilia. Wenye iPhone hamna haja ya kuhangaika sana, kwetu huku brauza zote za iPhone ndani zinatumia injini ya Apple, Safari yatosha.

Yoyote utakayochagua ichukue Play Store wewe mwenyewe kwa mkono wako na uangalie chini ya jina la apu ni nani ameitoa, Firefox iandikwe Mozilla, Chrome iandikwe Google, Brave iandikwe Brave Software. Na mtu asikwambie una haja ya kuwekewa Chrome kwenye simu ya Android ya dukani, karibu zote zinakuja nayo.

Kama ushapita mkononi mwake, fanya hivi leo. Kwanza usifute kitu. Fungua Chrome, bonyeza kile kiduara, piga picha ya skrini, ile anwani ya Gmail ionekane vizuri. Nenda setingi, akaunti, piga picha hapo pia. Kama una Chrome mbili ingia kwenye maelezo ya ile unayoishuku, chini kabisa simu inaandika apu hii imetoka wapi, kama sio Play Store basi ndio hiyo, ipige picha na ruhusa zake zote. Ukishapata picha ndio uondoe akaunti yake, utoe ile apu kwenye Ufikivu alafu uifute, uwashe tena Play Protect.

Kuondoa akaunti hakufuti paswedi zilizokwisha kwenda kwake, watu wengi wanaishia hapo wakidhani wamepona. Chukua simu ya mtu unayemuamini ubadilishe paswedi huko, anza na barua pepe manake hiyo ndio inayofungua nyengine zote, alafu Facebook, alafu eCitizen na benki, na kila mahali ubonyeze ile sehemu ya kutoka kwenye vifaa vyote. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswedi uulizwe na namba nyengine ya siri. PIN ya M-Pesa ibadilishe pia.

Na nyinyi mlioombwa pesa na akaunti ya rafiki, mpigieni simu msikie sauti yake kabla hamjatuma. Kama umetuma sasahivi forwadi ile meseji ya M-Pesa kwa 456 haraka kabla hajaitoa, na meseji za utapeli zitumeni 333, ni bure kwa Safaricom.

Mamdogo amepata Facebook yake lakini kuna wateja wawili walishatuma pesa na mmoja wao hadi leo hamuamini. Hilo ndilo lililoniuma zaidi, jina lake sokoni amelijenga miaka na miaka kwa uaminifu. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila idhini ni kosa kwa ile sheria ya uhalifu wa mtandao ya 2018, faini mpaka milioni 5 ama kifungo mpaka miaka 3, sio jambo la kuambiwa yaishe kisa ni kijana wa mtaani.

Kwa hivo mlioibiwa twendeni tukaandikishe kituoni, mamdogo ashaandikisha. Ile meseji ya M-Pesa ya 700 usiifute, ina jina lake na namba yake, na za 200 za kila mwezi vile vile. Uliyelipa keshi nenda na simu yenyewe na zile picha za skrini, usiifute yote ikawa kama mpya kwanza, na usitoke pale bila namba ya OB, ile ya kitabu cha polisi cha kuandikia matukio.