Wakili wa kipande cha kesi: kalamu safi, ofisi sitaki hata kuipita

Bado nina hasira, mnisamehe.

Hela ya wakili wa kusimama nami kesi nzima ya talaka sikuwa nayo. Tukakubaliana aniandikie petisheni tu, yaani lile ombi la talaka la kupeleka mahakamani, na anielekeze namna ya kujieleza mbele ya hakimu. Kusimama nitasimama mwenyewe. Nikalipa yote.

Sasa petisheni ya talaka haiendi peke yake. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inataka iambatane na hati ya Baraza la Usuluhishi kwamba suluhu imeshindikana, na hati hiyo isizidi miezi sita tangu itolewe. Yangu nilimkabidhi karani wao mkononi. Nafika masijala ya mahakama, haimo! Nikarudi mbio, muda wenyewe unayoyoma, karani hata uso hakunyanyua. "Dada, wewe umelipia kuandikiwa. Kuambatanisha siyo kazi yetu." Mbele ya wateja waliojaa pale, wote wananitazama. Nikamwambia basi nipe hati yangu. "Nyie wa vipande ndio wasumbufu." Wakili mwenyewe akatokea, simu sikioni, akaniona, akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Mtu niliyemweleza mpaka siri za ndoa yangu! Hati ilipatikana jioni, ndani ya jalada la mtu mwingine. Pole sikuisikia.

Lakini haki yake nimpe: ile petisheni iliandikwa ikaandikika. Kwenye mgawanyo wa nyumba, kifungu cha 114, alieleza miaka yangu ya kulea na kupika kuwa ni mchango katika mali, akaegemea hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983, ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Mume wangu alizoea kusema sikuchangia hata tofali. Hakimu alipofika aya ile, maswali yalimgeukia yeye.

Kwa hiyo mtu akiniuliza, nimwelekeze pale? Kwa kuandikiwa, ndiyo. Hapana, nikikumbuka ule mlango, hapana! Ukilazimika, mkataba utaje nani anaambatanisha vielelezo na nani anapeleka masijala, na hati halisi ibaki kwako, wao wape nakala. Mimi nimeapa sirudi. Ila hukumu ikinikalia vibaya nina siku 45 za kukata rufaa, na kalamu nyingine kama ile siijui.